Vimulimuli wa Tatsuno na bangili ya mama yako

Muheza, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, na mama yako ile homa imemwachia. Juzi simu ilikatika kabla sijakujibu, na swali lako limenikesha. Umesema ulikwenda Tatsuno, mkoani Nagano huko Japani, ukaona mto unawaka vimulimuli. Mwenyeji wako akakwambia kwamba wengi wa pale si wa pale: waliletwa kutoka upande wa Ziwa Biwa, magharibi, ili watalii wapate cha kutazama. Ukauliza, baba, wote weusi, wote wana wekundu ule shingoni, mgeni anajulikanaje?

Dalili ya kwanza ni mwako wenyewe. Kimulimuli huyo wa mtoni Wajapani humwita genji-botaru; dume wa magharibi mwa Japani huwaka kila baada ya sekunde 2 hivi, wa mashariki kila baada ya sekunde 4. Ila joto la usiku huharakisha mwako, kwa hiyo saa peke yake haitoshi kumhukumu mdudu.

Ushahidi mzito umo ndani ya seli, kwenye mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu. Unakumbuka nilivyokuwa nikisahihisha mitihani mezani, wewe umekaa karibu yangu? Waliotazamiana sikuwakamata kwa majibu sahihi, maana jibu sahihi kila mtu anaweza kulipata. Niliwakamata kwa makosa. Watoto wawili wakikosea neno lilelile, mahali palepale, ujue daftari lilikuwa moja. Vinasaba navyo hunakiliwa kizazi hadi kizazi, na kosa likiingia huendelea kunakiliwa. Wadudu wanaochangia makosa mengi wametengana karibuni. Wanaochangia machache wametengana zamani. Kwa hesabu hiyo mtu huchora ukoo wa vimulimuli ambao hakuna aliyewaona wakizaliwa.

Uzi wa vinasaba wa mitokondria ni mfupi, herufi 16,000 hivi, umefungwa duara kama bangili. Kwa wanyama makosa hujikusanya humo upesi kuliko kwenye kiini cha seli, ndiyo maana hata ndugu wa karibu hutofautishika. Tena kila seli ina nakala nyingi, hivyo hata mguu mmoja wa mdudu mkavu huweza kutosha. Na bangili hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, haichanganywi na ya baba.

Mwaka 2002 watafiti Suzuki, Sato na Ohba walitoa matokeo ya kuchunguza jeni moja ya bangili hiyo kwa genji-botaru wa sehemu nyingi za Japani. Wakapata makundi sita, kila moja na kanda yake. Ukitazama maisha ya mdudu huyu utaona sababu. Mabuu yake huishi majini miezi mingi yakila konokono wa mtoni, na akishapata mbawa huishi siku chache tu, wala haendi mbali. Kila bonde likabaki na makosa yake. Kwa hiyo ukimkuta wa mashariki amevaa bangili ya magharibi, kuna mkono wa mtu.

Hilo linaniuma. Waliowahamisha walikuwa wanawapenda vimulimuli, sina shaka, lakini tofauti iliyochukua maelfu ya miaka kujiandika ilifutwa kwa ndoo chache za wadudu, na hakuna wa kuirudisha.

Sasa nikueleze na udhaifu wa kipimo hiki, maana najua utaishia maabara. Dume mgeni akimpata jike mwenyeji, watoto wote watasoma kama wenyeji halisi. Baba haonekani. Ndiyo maana mtafiti makini huongeza jeni za kwenye kiini, zinazotoka kwa wazazi wote wawili, kabla ya kusema hawa ni spishi moja au mbili.

Hapo nilisimamisha kalamu. Wewe nilikupa jina la mama yangu, na tangu uzaliwe nakuita mama. Kumbe bangili yake sikuweza kukupa. Yako ni ya mama yako na ya bibi yako wa Lushoto. Ya mama yangu ninayo mimi na marehemu baba yako mdogo alikuwa nayo, na kwa kuwa hatukuwa na dada, inakoma kwangu. Lakini vidole vile virefu, na kukunja uso ukisoma, umevichukua kwake. Vilipita kwangu, kwa njia ile nyingine.

Ukirudi mtoni Tatsuno, zima tochi, mchague dume mmoja anayeruka, uhesabu sekunde kati ya mwako na mwako. Andika na joto la hewa. Kisha uniletee namba.

Baba yako