Shanga za dawa kwenye mfupa zina tarehe ya kutolewa

Ndugu Mhariri,

Habari za polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki, zinazounganishwa na antibayotiki dhidi ya bakteria sugu huandikwa kana kwamba ni mambo ya maabara za mbali tu. Iko polima moja inayofanya kazi hiyo siku nyingi: saruji ya mifupa, plastiki ngumu ya madaktari wa mifupa, iliyochanganywa na antibayotiki, ambayo daktari wa upasuaji Buchholz na mwenzake wa Hamburg, Ujerumani, waliichapishia matokeo mwaka 1970. Kwa Moshi na Arusha, ambako majeruhi wa bodaboda hufika mfupa umetokeza nje na jeraha limejaa udongo, ni silaha ya maana. Ila huharibiwa na mambo madogo.

Dawa ya mshipani hufuata damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Shanga, yaani vitufe vidogo vya saruji hiyo vinavyowekwa ndani ya jeraha, hutoa dawa palepale penye usaha, kwa kiwango ambacho kikipitishwa mwilini mzima kingeumiza figo. Ndiyo maana hata bakteria ambao maabara imewaita sugu huweza kushindwa. Lakini mfupa uliokufa ukwanguliwe kwanza mpaka utoe damu, na kipande chake kipelekwe maabara kuoteshwa. Usaha wa juu ya ngozi hudanganya.

Pakiti moja ya saruji huwa na gramu 40 za unga. Huchanganywa na antibayotiki ya vankomaisini gramu 2 hadi 4, unga kwa unga, mabonge yapondwe, ndipo kimiminika chake humiminwa. Kosa kubwa ni kutumia antibayotiki nyingine, jentamaisini, ile ya maji ya sindano. Ampuli moja ina miligramu 80 katika mililita 2. Ukitaka gramu 1 utamimina mililita 25, wakati kimiminika cha saruji yenyewe ni mililita 20 hivi. Tope hilo haligandi sawasawa. Itafutwe jentamaisini ya unga, kwa sababu vankomaisini peke yake haiwagusi bakteria kama Klebsiella wala Pseudomonas. Antibayotiki ya rifampisini isitiwe kabisa: huzuia saruji kuganda.

Saruji ikiacha kunata kwenye glovu, ifinyangwe upesi, maana joto la Moshi mwezi Februari huigandisha mapema kuliko baridi ya Arusha mwezi Julai. Kila shanga iwe kama punje ya njegere, zitungwe kwenye waya na zihesabiwe. Dawa hutoka kwenye uso wa shanga tu, hivyo bonge kubwa hubaki na dawa yake tumboni. Na mrija wa kufyonza usiwekwe; utaondoka na dawa yote.

Linalotuumiza zaidi ni shanga zinazosahaulika. Dawa hutoka kwa wingi siku za kwanza, kisha hudondoka kidogo kidogo, kiasi kisichoua bakteria bali kinachowazoeza. Saruji iliyoishiwa dawa nayo hugeuka makao yao. Kwa kawaida shanga hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6, lakini mgonjwa wa Rombo au Karatu aliyekwisha kupona jeraha na hana nauli hurudi baada ya miezi mingi, au harudi.

Tunaomba hospitali zetu ziandike kwenye cheti cha kuruhusiwa idadi ya shanga na tarehe ya kuzitoa, zichukue namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu yake, na gharama ya kuzitoa ilipwe pamoja na ya kuziweka.

Wataalamu wa upasuaji wa mifupa na famasia,
Moshi