Paneli ya sola haimbebi droni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako kwamba paneli za sola za kukunja zitafanya droni za uokoaji ziruke mbali zaidi. Nikiwa rubani wa kujitolea wa droni hizo, naomba nafasi niliweke sawa jambo hili kabla watu hawajaanza kuchanga fedha.

Droni ndogo ya kamera, isiyofika kilo 1, hula zaidi ya wati 100 ikiwa angani. Paneli inayoweza kukaa mgongoni mwake haitoi hata robo ya umeme huo, na uzito imeshaongeza. Kwa hiyo paneli hubaki chini, na kinachosogea ni kituo cha kurushia. Watu wakiwa wamezingirwa na mafuriko kilomita 6 kutoka nchi kavu, kwenda na kurudi tu kunakula dakika kama 20 katika betri ya nusu saa. Zinabaki chache za kutafuta walio juu ya mapaa. Tukivuka kwa mashua na paneli yetu, jenereta tukaiacha ng'ambo, dakika zote hizo ni za kutafuta.

Lakini paneli ya wati 100, jua likiwa kali, hutoa 60 au 70. Betri ya droni ya wati-saa 77 (yaani, umeme inaoweza kuhifadhi) inachukua saa moja na nusu hivi kujaa. Mwenye betri mbili atashinda akiitazama chaja. Na mafuriko, kama mjuavyo, huja na mawingu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitazama dakika 40 bila taa kubadilika. Betri ilikuwa ndiyo kwanza imetua, ya moto, nami nikailaza juani kando ya paneli, chaja ikaikataa. Nilipoihamishia kivulini ikakubali, ila umeme ukaingia kwa kudonadona. Kumbe kamba ya hema ilikuwa imekatiza kivuli chembamba kama kidole juu ya paneli.

Wanaotaka kuchangia wasilete paneli peke yake. Walete betri 6, na benki ya umeme ya wati-saa 500 ya kukaa kati ya paneli na chaja, ambayo sisi tutaijaza kabla ya kuondoka. Hiyo inatosha kurudishia betri 5 chaji hata jua lisipoonekana kutwa nzima.

Rubani wa kujitolea