Onyo la diski litangulie kujaa

Mhariri,

Msimu wa Julai hadi Septemba ndio seva (kompyuta za kuhifadhi mafaili ya pamoja) za ofisi za utalii hapa Arusha na kule Moshi zinapozidiwa. Picha moja ghafi ya kamera kubwa hufika megabaiti 50, kwa hiyo picha 20 tu zimeshakula gigabaiti nzima. Waongoza watalii wakishusha kadi zao jioni, folda ya pamoja inavimba kabla mhasibu hajatuma ritani ya VAT ya tarehe 20. Nafasi ikiisha, faili la Excel linagoma kuhifadhiwa, hifadhidata ya uhasibu inasimama, na bakapu ya usiku inakatika bila mtu kujua.

Kununua diski kubwa zaidi bila kuweka kikomo ni kuahirisha tu. Wekeni kikomo cha nafasi kwa kila folda. Kwenye Windows Server zana yake ni File Server Resource Manager. Ile kota (kikomo cha nafasi) ya zamani iliyo kwenye sifa za diski muiache, kwa sababu inahesabu kwa mwenye faili. Fundi akinakili mafaili kwa akaunti ya msimamizi, yanaandikwa kuwa ya msimamizi, na mtu aliyejaza nusu ya diski anasomeka hajatumia kitu.

Kikomo kigumu hukataa faili jipya; kikomo laini huonya tu. Picha ziwekewe kigumu. Uhasibu uwekewe laini, maana kumkatia mhasibu nafasi katikati ya kufunga hesabu ni kuharibu kazi.

Wengi wanakosea kwenye asilimia za onyo. Violezo vya kikomo kigumu, yaani mipangilio inayokuja tayari na zana hiyo, huonya kwa asilimia 85, 95 na 100, na ofisi huziacha hivyo hivyo. Chukueni folda ya picha ya gigabaiti 500: kwa asilimia 85 zimebaki gigabaiti 75. Kadi moja iliyojaa ni gigabaiti 128. Onyo linatoka huku picha zinamiminika, na kabla barua pepe haijasomwa folda imefunga. Wekeni onyo la kwanza asilimia 70, zibaki 150, kadi nzima iingie na mtu apate muda wa kusafisha. Pimeni kwa mzigo mkubwa unaoweza kushushwa kwa mara moja.

Halafu jazeni anwani ya seva ya barua pepe na mtume barua ya majaribio. Pasipo hiyo seva inaonya hewa. Barua iende kwa watu wawili, mwenye folda na mwenye mamlaka ya kufuta. Fundi peke yake hawezi kuamua picha ipi itupwe.

Wanaotumia Linux waangalie vipimo: setquota, amri ya kuweka kikomo cha mtumiaji, husoma namba tupu kama kilobaiti. Gigabaiti 20 huandikwa 20971520. Ukiandika 20, mtumiaji amefungiwa siku hiyo hiyo. Kikomo laini huko kina muhula wa siku 7 kwa kawaida, kisha hugeuka kuwa kigumu, basi likizo ndefu isimkute mtu amekivuka.

Onyo likifika, msikimbilie kuongeza kikomo. Toeni kwanza ripoti ya mafaili yanayojirudia. Kadi ileile huwa imeshushwa mara mbili, kwa majina mawili ya folda.

Fundi wa seva,
Arusha