Mwache mgeni ashike chombo mwenyewe

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa uchovu wa Jumamosi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hafla yako ya kuuza vyombo vya jikoni nyumbani kwa mwenyeji: wageni kumi na watano wamekaa kwenye makochi, wewe umesimama saa nzima ukikata, ukikoroga na kueleza. Wamekula, wamekushukuru, wamenunua visu viwili vya kumenyea, basi. Unauliza kama ni bei iliyowakimbiza. Sidhani. Vyombo vile havikuwagusa mikono. Mtu hununua kitu ambacho mkono wake umekwisha kukizoea, hata kwa dakika mbili tu, na siku ile mikono yote ilikuwa mitupu isipokuwa yako.

Wenye kazi hii walilijua hili zamani. Brownie Wise, mama wa Kimarekani aliyeieneza Tupperware, vyombo vya plastiki vyenye kifuniko cha kubana, kwa hafla za majumbani, alikuwa akijaza kinywaji kwenye bakuli, analifunga, kisha analirusha hewani mgeni alidake. Aliyelidaka bila kulowa hakuhitaji tena kuelezwa habari za kifuniko. Mwaka 1951 kampuni ikaziondoa bidhaa zake madukani, ikategemea hafla hizo.

Sasa tuje kwako. Kumi na watano ni wengi kwa jiko moja na meza moja. Mwambie mwenyeji awe na wageni wanane, wakizidi sana kumi. Wakizidi hapo, nusu yao watakuwa wanasubiri zamu, na anayesubiri huanza kuchezea simu. Toa makochi kwenye mpango kabisa: waketi au wasimame kuzunguka meza ambayo kazi inafanyika. Aliyezama kwenye kochi hanyanyuki, hata umwite kwa upole gani.

Pishi ndilo linaloamua kila kitu. Chagua lenye kazi nyingi fupi, moto mmoja, na lisilo na nyama mbichi wala yai bichi, maana mikono ni mingi na huwezi kuifuatilia yote. Nakupendekezea hili: mkate bapa wa kikaangoni, siagi mnayoitengeneza wenyewe, na saladi ya nyanya na matango. Mpaka kula ni kama saa nzima, na hakuna mgeni atakayekosa kazi.

Anza na unga, kwa sababu hapo ndipo watu wanaposhtuka. Weka mizani mezani, toa kikombe kimoja cha kupimia, na kila mgeni achote unga kikombe kimoja kama anavyochota kwake. Usimfundishe. Pima kila kikombe, waandike namba kwenye karatasi. Aliyemwaga unga kwa kijiko taratibu atapata kama gramu 120. Aliyezamisha kikombe na kushindilia atapita 150. Kikombe ni kilekile, unga ni uleule. Hapo nyamaza, waache wabishane. Kuna atakayesema, "Kumbe ndiyo maana keki zangu siku nyingine zinakuwa ngumu." Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mgeni inauza mizani kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Kisha pimeni gramu 300 za unga wa ngano, mililita 180 za maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya chakula vya mafuta. Wageni wawili wakande kwa kupokezana, dakika nane hivi, hadi donge liwe laini na liache kunata. Waambie wavue pete kabla. Likinata baada ya dakika tatu usikubali waongeze unga. Hilo ndilo kosa la kawaida, na mkate hutoka mkavu kama kadibodi. Waendelee kukanda, litatulia. Funika donge, lipumzike dakika ishirini. Mapumziko hayo si ya kupoteza muda: unga uliokandwa huvuta, na ukiusukuma papo hapo unarudi kama mpira, mgeni anadhani kosa ni la kifimbo cha kusukumia.

Dakika hizo ishirini ndizo za siagi na saladi.

Siagi nataka uielewe vizuri, maana ndiyo itakayochangamsha meza. Tafuta krimu ya kupigia yenye mafuta asilimia 35 au zaidi. Ya kutilia kwenye kahawa mafuta yake ni machache, mtatikisa hadi mikono ife. Itoe kwenye friji kama dakika arobaini kabla, iwe baridi kidogo tu, karibu nyuzi 15. Ikiwa ya baridi kali inachelewa mno, ikiwa ya joto siagi inakuwa ya kulegea, haishikani. Mimina mililita 300 kwenye chupa ya mdomo mpana yenye ujazo wa mililita 700, ufunge kifuniko vizuri. Usijaze chupa: krimu inahitaji nafasi ya kujipigapiga, na chupa iliyojaa haitoi siagi.

Chupa ipite mkono kwa mkono, kila mtu atikise kwa nguvu nusu dakika. Wasikilize sauti. Mwanzoni inasikika chwachwa ya kimiminika. Baada ya dakika tatu au nne sauti inakufa kabisa, chupa inakuwa kama imejaa pamba. Hapo wengi husema imeharibika na kuiweka chini. Haijaharibika, ni krimu iliyoumuka, na siagi iko mbele yake. Wahimize waendelee. Ghafla, kati ya dakika ya saba na ya kumi na mbili, chupa inaanza kugonga: donge la njano limejitenga na maziwa membamba. Mpe chupa aliyekuwa kimya kuliko wote wakati unaona dakika hizo zinakaribia, ili igonge mikononi mwake. Mwageni maziwa kupitia kichujio, osheni donge kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, yasiwe na rangi ya maziwa, kwa sababu maziwa yakibaki ndani siagi huchacha upesi. Tieni chumvi kidogo. Mtapata kama gramu 120. Mwiko laini wa silikoni utakwangua chupa hadi tone la mwisho, na mgeni mwenyewe ndiye akwangue. Kumbuka tu kwamba chupa iliyovuja mbele ya wageni imeua mauzo ya siku nzima, kwa hiyo jaribu kifuniko chako kwa maji usiku wa kuamkia hafla.

Huku chupa ikizunguka, wengine wanakata. Hapa uwe mkali kidogo. Chini ya kila ubao weka kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, ubao usiteleze. Visu viwe vikali. Kisu butu huteleza juu ya ngozi ya nyanya na kuingia kwenye kidole. Kisu hakikabidhiwi mkono kwa mkono. Kinalazwa mezani, mwingine anakiokota. Kisu kichafu kamwe kisizame kwenye beseni lenye povu ambalo mwingine atatia mkono bila kukiona. Na ule ubao wenye wembe wa kukatia slesi nyembamba, usiupe mgeni yeyote bila kile kishikio cha kulindia vidole, hata akikuambia anao nyumbani. Kishikio kikiwa kimepotea, usiupeleke kabisa.

Karoti moja kwa kila mtu inatosha kutambulisha kisu cha kumenyea. Muulize kwanza kama anatumia mkono wa kushoto, kwa sababu vyenye makali upande mmoja humsumbua, naye ataondoka akiamini kifaa ni kibovu. Kitunguu kikatwe nusu kwa kisu na nusu kwa kikatio cha kubonyeza, watu wawili tofauti, vipande viwekwe bakuli mbili pembeni watu waone. Bonyeza ni moja, kavu na ya nguvu; anayebonyeza polepole hukiponda kitunguu, kikatoa maji. Mwoneshe mara moja kwa mkono wake mwenyewe, usimnyang'anye. Kumnyang'anya mgeni kifaa ili umalize haraka ni tabia inayotuponyoka sote tunaoujua mkono wa kazi, na ndiyo inayoua zaidi.

Sosi ya saladi ni mililita 90 za mafuta, 30 za siki, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha haradali, ambayo husaidia mafuta na siki visiachane haraka. Itikiswe kwenye chupa ndogo. Isimwagwe kwenye nyanya mpaka watu wamekaa kula, la sivyo chumvi itazikamua na saladi itaogelea.

Moto uwe na mtu mmoja mmoja, mishikio ya vikaango ielekee ndani. Gawa donge mapande manane, gramu 60 kila moja, kila mgeni asukume lake na kulipika mwenyewe: kikaango kikavu, moto wa wastani kwenda mkali, dakika moja upande mmoja na moja wa pili, mpaka madoa ya kahawia yatokee. Tumia kikaango kizito cha chuma. Kile kisichogandisha usikipashe kitupu kwenye moto mkali, kwani utando wake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi.  Kama mwenyeji ana jiko la indaksheni, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, nenda na sumaku ndogo mfukoni: sufuria isiyoshika sumaku chini haitapata moto humo. Soma pia wati zilizoandikwa nyuma ya vifaa. Viwili vya wati 1,800 kwenye soketi moja ya nyongeza ni kuomba umeme ukatike, na wakati mwingine ni kuomba moto.

Sasa swali lako kubwa, utawaingizaje kazini watu wasiotaka. Usiulize, "Nani atanisaidia?" Swali hilo huleta ukimya, na ukimya huo ukishakaa hauondoki. Andika kadi. Kila kadi ina kazi moja, kifaa kimoja na kipimo: "Menya karoti moja kwa kisu cha kijani." Mpe mgeni kadi mlangoni, anaponawa mikono kwa sabuni sekunde ishirini, kabla hajapata mahali pa kujificha. Mwenye haya mpe saa ya jikoni au kijiko cha kuonja chumvi. Baada ya dakika kumi atakuwa amesogea mwenyewe. Anayejua kupika kuliko wote mpe kazi ngumu na umuulize maoni yake kwa dhati, kwa sababu usipompa nafasi atakukosoa kutoka pembeni. Watoto wararue majani ya saladi. Mwenyeji asipangiwe kadi, achague mwenyewe. Hafla ni yake.

Mtu akiwa kazini, funga mdomo. Mwulize baadaye kidogo, "Mkono unahisije?" Usimuulize, "Ni kizuri, sivyo?" Hilo la pili linadai jibu la adabu, na jibu la adabu haliwi oda. Akisema mshikio unaumiza, kubali, mpe mwingine ajaribu. Kifaa kisichoweza kazi fulani kisemwe wazi.

Siku mbili kabla mpigie mwenyeji simu umuulize nani hali maziwa, ngano, mayai, karanga, ufuta au samaki. Asiyekula maziwa asinyimwe furaha ya chupa. Atikise ile ya sosi, ale mkate na mafuta. Chakula kilichopikwa kisikae mezani kwa zaidi ya muda wa saa mbili.

Usiondoe vyombo vichafu haraka. Swali ambalo wageni hawaliulizi kwa sauti ni jinsi kitu kinavyosafishwa. Kibano cha kusagia kitunguu saumu kikioshwa papo hapo kinatoka safi. Kikiachwa kikauke robo saa, vipande vinaganda kwenye matundu. Mgeni akioshe mwenyewe dakika ileile. Na vifaa vyako vya maonyesho uvibadilishe vikichoka, maana kisu kilichokwisha kumenya mamia ya karoti hakiwakilishi kile atakacholetewa.

Fomu za oda zitoke watu wakiwa bado wanakula, kifaa alichotumia kila mmoja kikiwa mbele yake. Zunguka, keti karibu, ongea na mmoja mmoja kwa sauti ya chini, ukianza na alichokishika, na umweleze utaratibu wa kurudisha bidhaa kabla hajauliza. Anayesema hapana, mwache na hapana yake, amalizie mkate wake.

Hafla yako ijayo ukishajua idadi ya wageni na aina ya jiko la mwenyeji, niandikie. Nitakuandikia kadi zote nane, zenye vipimo, uzinakili tu.

Msalimie mama na watoto.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.