Barua kwa mwanangu: kabla hamjajitoa

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Sote tu wazima. Barua yako imenifikia, ingawa mama yako aliisoma mara mbili kabla ya kunikabidhi. Unasema kundi lenu la wanafunzi wanne limekubaliwa kushindana na wahandisi waliosajiliwa katika kusanifu pampu ya maji inayotumia nguvu ya jua, na kwamba tangu mlipoona orodha ya washindani, wenzako wawili wanataka kujitoa.

Mwaka 1987 yalianza nchini Australia mashindano ya magari ya nguvu ya jua, kutoka Darwin kaskazini hadi Adelaide kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 3,000. General Motors ya Marekani ilishinda kwa gari lake la Sunraycer, Ford ya Australia ikawa ya pili, na nafasi ya tatu ikachukuliwa na chuo cha uhandisi cha Biel, mji mdogo wa Uswisi. Mwaka 1990 chuo hicho kilirudi na kushika nafasi ya kwanza, huku Honda, yenye wahandisi na fedha ambazo chuo hakingeweza kuziota, ikiwa ya pili.

Nimelifikiria sana jambo hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekula ugali wa pampu na mota kwa miaka mingi. Katika safari ile jua humpa kila mmoja kiasi kilekile, na siku ikifika saa kumi na moja jioni kila gari husimama hapo lilipo hadi asubuhi. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayohitajika kuushinda upepo huongezeka mara nane. Kwa hiyo anayekimbia ovyo asubuhi huenda akakuta betri tupu mchana wingu likitanda. Fedha hununua paneli nzuri, lakini umbo la gari na hesabu ya matumizi ya umeme hutokana na mtu aliyekaa na tatizo moja kwa muda mrefu, na muda ndio mali ambayo mhandisi aliyeajiriwa, mwenye kazi nyingine tano mezani, hana. Wanafunzi wa Delft, Uholanzi, walioshinda mara nne mfululizo kuanzia 2001 hadi 2007, walikuwa wakisimamisha masomo ili washughulikie gari tu, kisha wakawarithisha wenzao waliofuata walichojifunza. Nisikudanganye: hawakuwa yatima. Gari lao la kwanza lilikuwa na seli za kugeuza jua kuwa umeme za aina inayotumika kwenye setilaiti, na mshauri wao alikuwa Wubbo Ockels, mwanaanga aliyewahi kuruka hadi anga za juu.

Wala wakubwa hawakukaa kimya. Honda ilirudi mwaka 1993 na kushinda kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 85 kwa saa, Biel ikawa ya pili. Nakutajia hili kwa sababu kuna kitu ambacho hao washindani wenu wanakijua nanyi bado, nacho ni namna vitu vinavyoharibika. Niliwahi kufunga pampu ambayo kwenye karatasi ilikuwa haina kasoro hata moja. Baada ya miezi minne mchanga wa kisima ulikuwa umeila impela, lile gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu, hadi ikawa nyembamba kama kisu cha zamani, na kijiji kikarudi mtoni. Aliyeichora alikuwa amepima kina, msukumo na wingi wa maji, ila mchanga hakuuuliza. Makosa yale nami ninayo, kwa kuwa niliifunga bila kuuliza.

Basi waombe hao wawili wasubiri hadi Jumapili. Ninyi nendeni kwenye kisima chenyewe, mchote maji kwenye ndoo asubuhi na jioni, mwache yatulie, mkapime mchanga unaobaki chini. Kisha nitumie mchoro wenu. Kama hauonyeshi chujio limekaa wapi, na nani atalisafisha, usiutume bado.

Baba yako