Kwa wanakwaya wetu wa Mtwara: zimeni spika kwanza

Wanangu na wajukuu zangu wa kwaya,

Shikamoo zenu Mwenyekiti kanifikishia. Marahaba. Kanifikishia na habari nyingine: tamasha ni Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, ukumbi umeshalipiwa nusu, na Halleluya ya Handel, yule mtunzi wa karne ya 18, ndiyo itakayofunga shughuli. Nimefurahi sana. Akaniambia pia kwamba kamati imekaa vikao kwa vikao ikijadili spika za kukodi na rangi ya sare, na kwamba mazoezi rasmi ya tamasha yataanza "mambo yakishakaa sawa". Hapo nikaagiza niletewe karatasi na kalamu.

Naandika hadharani badala ya kuja kikaoni kwa sababu jambo hili haliko kwenu peke yenu. Kwaya za Lindi, Masasi na Nachingwea zinaumwa ugonjwa huohuo, nazo zisome.

Tuanze na kalenda. Huku kwetu mwaka unaendeshwa na mkorosho, mtake msitake. Korosho zikianza kudondoka Septemba, watu wanaanza kuwaza mashamba, na minada ikifunguliwa Oktoba, besi yenu nusu nzima iko Newala na Tandahimba. Akina mama nao wanaokota. Msiwalaumu, maana hizo ndizo ada za watoto. Ila msipange mazoezi kana kwamba hamlijui hilo. Nota zote ziwe kichwani kabla ya Septemba kwisha. Oktoba na Novemba iwe kazi ya kung'arisha na wale watakaobaki mjini, na wa mashambani waje wiki mbili za mwisho wakiwa tayari wanajua wanachoimba. Kuna waliosema heri tamasha lisogezwe Januari, watu wakishalipwa, tiketi ziuzike. Kwa fedha wamesema kweli. Lakini ukumbi ule umeezekwa bati, na mvua ya Januari ikilishukia, hata mje na kwaya tatu hamtasikika. Bakini na Desemba, mkiomba Mungu azuie mawingu kwa saa mbili.

Sasa huyu aliyeko Tandahimba atajifunzaje? Najua jibu lenu: simu. Mwalimu anarekodi sauti ya tatu, anaituma kwenye kundi la Whatsapp, kila mmoja anaisikiliza shambani. Sikatai, inasaidia. Lakini anayejifunza kwa kusikia tu anajifunza na makosa ya aliyerekodi, na pumzi zake, na mahali alipokohoa. Mfundisheni do re mi asome mwenyewe. Sol-fa hii tunayoiandika kwa herufi ilianzia kwa mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover. John Curwen akaichukua, akaitengeneza na kuisambaza katika karne ya 19, makusudi kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na kinanda nyumbani. Watu kama sisi. Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya wa Afrika Kusini aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao leo sauti yake ndiyo wimbo wetu wa taifa, aliandika kwa sol-fa hiyohiyo. Karatasi moja iliyokunjwa mfukoni haihitaji chaji wala vocha.

Nikija kwenye spika, ndipo hasa ninapotaka mnisikilize.

Nilipita kwenye zoezi lenu la kawaida mwezi uliopita, nikakaa benchi la nyuma. Kinanda kimefunguliwa mpaka mwisho, maiki nne mbele, ngoma ya mashine inapiga, na watu zaidi ya thelathini wanaimba kwa mishipa ya shingo. Dada mmoja wa sauti ya pili alikuwa amejiziba sikio kwa kidole ili ajisikie. Mtu anayejiziba sikio ndani ya kwaya anawaambia jambo kubwa kuliko lolote nitakaloandika hapa. Humo ndani hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Mlikuwa mnashindana na mtambo, na mtambo hauchoki.

Zimeni. Mwezi mzima wa kwanza msiguse swichi. Mpiga kinanda awape do, basi, anyamaze. Wimbo ukiisha, abonyeze tena ileile do. Mkikuta mmeshuka nusu nota, msimtafute mchawi, tafuteni pumzi. Mara nyingi kwaya inashuka kwa sababu mi na ti zinaimbwa kivivu, au watu wamekaa wamejikunyata kama wanaota moto, au wimbo umerudiwa mpaka wamechoka. Rudini pale mliposhukia, mpaimbe polepole na kwa sauti ya chini, kila mmoja amsikie jirani yake wa kulia na wa kushoto. Kuimba chini ndiyo kazi ngumu. Kwa nguvu kila mtu anaweza, hata makondakta wa stendi.

Halafu siku moja moja vunjeni safu. Soprano akae kati ya besi wawili, na mwimbaji wa tena, yaani sauti ya tatu, akae na alto. Wengi watapotea siku ya kwanza, na mtacheka. Ila atakayeshika njia yake akiwa amezungukwa na sauti za wengine, siku ya tamasha hatikisiki, hata umeme ukikatika. Nao hukatika, hilo mnalijua. Kwaya iliyojifunza bila mtambo itaendelea na wimbo gizani wakati fundi anahangaika na jenereta. Iliyouzoea mtambo itasimama imekodoa macho.

Jambo jingine nililoliona siku ile: kila mkikosea mnarudi mwanzo. Hivyo ni kama kufagia uwanja kila siku ukianzia mlangoni na kuchoka kabla ya kufika uani. Mlangoni pamechimbika, uani majani yamejaa. Ukurasa wa kwanza wa Halleluya mnaimba kama malaika, wa mwisho kama wapiga debe. Anzeni zoezi na ukurasa wa mwisho. Pale kwenye "naye atatawala", besi anaingia peke yake, sauti ya tatu inamfuata, kisha alto, kisha soprano. Kila sauti iingie yenyewe bila kusukumwa, kwa hiyo kila sauti ihesabu mapigo yake wakati wa kunyamaza. Mwalimu, nawe usiwaimbie. Ukiimba na besi huwezi kusikia kama sauti ya tatu imechelewa.

Na ile nafasi karibu na mwisho, Halleluya zikishapigwa mfululizo, wote mnakata, kimya, kisha inakuja ile ya mwisho, nzito, ya taratibu. Sijaona kwaya isiyokuwa na mtu mmoja anayeruka pale na "Ha!" yake peke yake. Kwenu yupo, yeye anajijua na mimi namjua. Dawa yake ni macho kwa mwalimu, karatasi chini. Ile nafasi ifanyieni zoezi peke yake: kata, nyamaza, ingia. Kata, nyamaza, ingia. Mpaka mchoke.

Sare. Nitalisema hili haraka kwa sababu najua litaniletea wageni nyumbani. Masihi (Messiah), kazi ya Handel yenye Halleluya hii, ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, Ayalandi, tarehe 13 Aprili 1742, walitangaza mapema wakiwaomba mabibi waje bila vile vyuma vya kutanulia sketi na mabwana waache panga nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee ukumbini. Wakaenea kama mia saba. Fedha iliyopatikana ikaenda hospitalini na kuwatoa gerezani watu waliofungwa kwa madeni. Nanyi mnataka kuingia kwenye deni la fundi cherehani ili muimbe wimbo uleule! Vaeni kitenge mlichonacho na blauzi nyeupe, wanaume shati jeupe, na michango iliyokusanywa ilipe nusu ya ukumbi iliyobaki.

Kuna na jambo jingine la Dublin la kuiga. Siku nne kabla, tarehe 9, walifanya zoezi mbele ya watu. Fanyeni hivyo. Alhamisi ya wiki ya tamasha, waiteni wazee, wagonjwa wanaoweza kutembea, na watoto wasio na nauli ya kurudi usiku. Bure. Imbeni programu nzima bila kusimama hata mkikosea, na simu moja iwekwe kwenye kiti cha mwisho kabisa irekodi. Mtakachosikia kwenye simu hiyo ndicho atakachosikia aliyelipa kiingilio.

Kwenye tamasha lenyewe, mshereheshaji awaombe watu watunze kati ya wimbo na wimbo. Mcheza kwao hutunzwa, sawa, lakini soprano anayebandikwa noti ya elfu tano usoni katikati ya ubeti hawezi kumwona mwalimu. Na mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Atawakuta wimbo wa tatu, hatapungukiwa kitu.

Mimi mchango wangu hautakwenda kwenye spika. Nimeshaongea na kijana wa steshenari ya karibu na stendi: atatoa nakala za nota kwa kila mwimbaji, sauti zote nne kwenye karatasi moja, bili aniletee mimi. Mwenyekiti akazichukue Ijumaa. Jumamosi zoezi ni saa kumi, nami nitakuwepo saa kumi, si saa kumi na moja.

Bibi yenu wa sauti ya pili,
Ligula, Mtwara