Mcheza dansi hapimwi kwa klipu ya nusu dakika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa moyoni. Nimefundisha dansi miaka mingi, na wazazi hawachoki kuniuliza mcheza dansi wa kulipwa ana nini ambacho wa ridhaa hana. Wengi wana jibu lao tayari: kipaji, mwili laini, kuruka juu. Sikubaliani nao. Nimewaona wa ridhaa wanaoruka juu kuliko wa kulipwa.

Mimi hutazama kutua. Mzoefu akishuka kutoka hewani hugusa sakafu kwa vidole, kisha unyayo, kisigino kikifuata mwisho huku magoti yanakunjika, wala husikii kishindo. Hafanyi hivyo kwa urembo tu. Kesho ana shoo nyingine, keshokutwa nyingine, na magoti ni yale yale mawili. Halafu mtazame akizunguka: macho hubaki yamekaziwa sehemu moja hadi shingo ifike mwisho, ndipo kichwa kigeuke ghafla na kurudi pale pale kabla ya mwili. Ndivyo anavyokikwepa kizunguzungu.

Hakuna siri hapo. Mwanafunzi wangu wa mwezi wa kwanza anayajua yote hayo. Ila yeye huyafanya vizuri siku akiwa na furaha. Wa kulipwa huyafanya akiwa na mafua, onyesho la arobaini, nusu ya viti vikiwa vitupu, na mwenzake akisahau stepu humbeba bila mtazamaji kushtuka.

Uwezo huo hujengwa asubuhi, pasipo na makofi. Kwenye bale (ballet), hata wanaoshika nafasi kuu huanza siku wameshika upau wa mazoezi, wakikunja magoti polepole kama watoto wanaoanza. Margot Fonteyn, nyota wa bale wa Uingereza, alikuwa na miaka 42 mwaka 1962 alipoanza kucheza na Rudolf Nureyev, kijana wa miaka 23, na aliendelea kupanda jukwaani miaka mingi baada ya hapo. Kipaji peke yake hakimfikishi mtu huko.

Simdharau wa ridhaa. Kwenye mashindano ya dansi za ukumbini wapo wa ridhaa wanaofanya mazoezi kwa bidii ile ile, na kinachowatenga na wenzao wa kulipwa ni daraja walilojiandikisha tu. Kinachoniuma ni waandaaji wanaomwita mcheza dansi aliyejifunza miaka kumi, kisha wanamwambia acheze bure kwa kuwa "anapenda". Fundi wa taa anapenda kazi yake pia, na analipwa usiku ule ule.

Ombi langu kwako, Mhariri: safari ijayo mkiandika habari za wacheza dansi, mtume mwandishi wenu mazoezini saa mbili asubuhi, akae hadi mwisho, kisha ndipo aje kwenye shoo.

Mwalimu wa dansi